Mohenjo-daro: Historia ya Uchimbaji na Gharama ya Kufukua Mji wa Kale

Ikisiri
Makala haya yanaeleza historia ya uchimbaji wa kiakiolojia katika mji wa kale wa Mohenjo-daro, mkoani Sindh, Pakistan, na namna magofu yake yalivyoanza kuliwa na chumvi baada ya kufukuliwa. Inahojiwa kwamba uchimbaji usiotanguliwa na mpango wa uhifadhi ni uharibifu, na kwamba sera ya urithi haitenganiki na sera ya maji na kilimo.

1.0 Utangulizi
Mohenjo-daro ulijengwa katika bonde la mto Indus yapata mwaka 2500 KK na kuhamwa na wakazi wake yapata mwaka 1900 KK. Nyumba zake zilijengwa kwa matofali ya kuchoma yenye uwiano wa 1:2:4. Mitaa ilipitiwa na mifereji ya majitaka, na visima vyake hukadiriwa kufikia 700. Hodhi Kuu, yenye urefu wa mita 12 hivi, upana wa mita 7 na kina cha mita 2.4, ilizibwa kwa lami isivuje. Kwa kuwa maandishi ya ustaarabu huo hayajasomeka hadi leo, kuta na tabaka za udongo ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya ushahidi wetu. Ukuta ukiporomoka, ni sawa na waraka kuungua.

2.0 Miongo ya Uchimbaji
R. D. Banerji alianza kuchimba mwaka 1922 karibu na stupa ya Kibudha iliyojengwa juu ya magofu karne nyingi baadaye. Mwaka 1924 John Marshall aliutangazia ulimwengu ugunduzi huo, na kati ya 1927 na 1931 Ernest Mackay aliendeleza kazi. Mitaa mizima ilifukuliwa kwa haraka, na vitu vilivyopatikana viliandikwa kwa kina chake badala ya tabaka vilimolala.

Athari za njia hiyo zilionekana baadaye. Mortimer Wheeler, aliyechimba mwaka 1950, aliliita jengo moja ghala la nafaka ilhali nafaka haikuonekana humo. Alidai pia kwamba mifupa ya watu iliyopatikana mitaani ilithibitisha mauaji yaliyofanywa na wavamizi. George Dales alionesha kwamba mifupa hiyo haikuwa ya wakati mmoja. Hata hivyo, tabaka ambazo zingeweza kumaliza mabishano ya namna hii zilikuwa zimekwisha kuondolewa.

3.0 Maji na Chumvi
Banio la Sukkur lilipoanza kazi mwaka 1932, kilimo cha umwagiliaji kilipanuka Sindh na maji ya ardhini yakapanda. Maji hayo, yenye chumvi, hufyonzwa na vinyweleo vya matofali. Yanapokauka kwenye uso wa ukuta, chumvi huganda kuwa fuwele, hutanuka na kulisaga tofali hadi likawa unga. Ukuta uliofunikwa na udongo hauna uso wa kukaushia maji. Uliofukuliwa ndio unaoliwa.

Maji hayo pia yanaficha mwanzo wa mji. Wheeler alizuiwa nayo alipojaribu kufikia tabaka za chini kabisa, na upekechaji wa Dales wa 1964–1965 ulionesha dalili za makazi chini ya kiwango cha maji.

4.0 Hatua za Uhifadhi
Baada ya kazi ya Dales, uchimbaji mkubwa ulisitishwa. Kampeni ya kimataifa ya UNESCO ilianza mwaka 1974 hadi 1997, na mwaka 1980 mji uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Visima vya pampu vilichimbwa ili kushusha maji, na kingo za mto ziliimarishwa. Njia nyingine ni nyepesi zaidi: kukandika kuta kwa udongo, ili chumvi igande kwenye udongo badala ya tofali. Pampu zinadai umeme daima. Udongo unadai mikono kila baada ya mvua. Mvua za Agosti 2022, zilizobomoa baadhi ya kuta, zilithibitisha kwamba kazi hiyo haina mwisho.

5.0 Hitimisho
Mambo matatu yanajitokeza kwa watunga sera. Kwanza, kibali cha kuchimba kiambatane na bajeti ya kutunza kitakachofukuliwa. Pili, tathmini ya miradi ya umwagiliaji ihusishe magofu yaliyo jirani. Tatu, eneo lisilochimbwa lihesabiwe kuwa akiba, wala si kazi iliyozembewa. Kwa Mohenjo-daro, sehemu iliyobaki ardhini ndiyo yenye matumaini zaidi ya kuwafikia watafiti wajao ikiwa nzima.