Holi Huanzia Jikoni

Picha za Holi, sikukuu ya Kihindu ya rangi, zinazotufikia ni za watu waliopakana rangi kuanzia utosini, na siku yenyewe ndivyo ilivyo. Lakini kaskazini mwa India, wanawake huwa wameianza sikukuu siku kadhaa kabla, mbele ya karai la maziwa. Asubuhi ya rangi hakuna mkono safi wa kukanda unga, na wageni watakuja tu. Kwa hiyo vyakula vingi vya Holi ni vile vinavyokubali kupikwa mapema vikakaa.

Kinachotangulia ni gujiya. Unga mweupe wa ngano hufikichwa kwa samli, hukandwa mgumu, kisha husukumwa viduara vidogo. Ndani huwekwa khoya, yaani maziwa yaliyochemshwa kwa moto mdogo huku yakikorogwa mpaka maji yakauke yabaki madonge. Lita nzima hutoa kama gramu 200 tu. Khoya hukaangwa kidogo na ikipoa huchanganywa na sukari, iliki, nazi kavu, lozi na zabibu. Kiduara hukunjwa nusu mwezi, ukingo ukafinywa na kusokotwa kama kamba. Hapo ndipo fundi anapojulikana, maana gujiya moja ikifumuka kwenye karai la kukaangia, vya ndani humwagika na kuungua, na samli yote imeharibika. Kazi hii haifanywi peke yako. Mawifi, wakwe na majirani huketi pamoja, huyu anasukuma, yule anajaza, mwingine anafinya, na habari za mtaa zinapata wasemaji. Siku hizi wengi hununua dukani, wala siwalaumu. Ila khoya ikitafutwa sana, walaghai nao huchangamka, ndiyo maana sikukuu inapokaribia wakaguzi wa chakula hufanya misako ya khoya bandia.

Holi huangukia mwezi mpevu wa Phalguna, mwezi wa kalenda ya Kihindu unaokuja kati ya Februari na Machi. Mwaka 2024 siku ya rangi ilikuwa 25 Machi, 2025 ikawa 14 Machi. Baridi inaaga, ngano na dengu zinakaribia kuvunwa. Usiku wa kuamkia siku hiyo huwashwa moto mkubwa kumkumbuka Prahlada, mja wa mungu Vishnu aliyetoka motoni salama huku shangazi yake Holika akiteketea. Kwenye moto huo wakulima huchoma masuke mabichi ya ngano na vitawi vya dengu, wakagawana punje. Katika jimbo la Gujarat moto hutolewa bisi za mtama, tende na nazi. Nazi iliyookwa huopolewa makaani ikaliwa. Wagujarati waliohamia Afrika Mashariki walikuja na desturi hiyo.

Watu wa jimbo la Maharashtra hawana habari kubwa na gujiya. Wao ni puran poli, chapati nyembamba iliyojazwa dengu zilizopondwa na sukari guru, iliki au kungumanga, ikamiminiwa samli. Maji yaliyochemshiwa dengu hayamwagwi: huungwa viungo na ukwaju yakawa mchuzi mwepesi wa kuilia. Kwangu mimi mchuzi huo ndio unaoifanya puran poli iliwe ya pili na ya tatu.

Kinywaji ni thandai. Lozi, shamari, mbegu za tikiti, pilipili manga, iliki na maua ya waridi huloweshwa, husagwa laini, huchujwa kwa maziwa baridi na kutiwa zafarani. Wapo wanaoongeza majani ya bangi yaliyosagwa, hasa katika miji ya Varanasi na Mathura; majani hayo huhusishwa na ibada ya mungu Shiva. Sheria ya India ya dawa za kulevya ya 1985 haikuyaweka majani hayo katika ufafanuzi wake wa bangi, na katika jimbo la Uttar Pradesh huuzwa kwenye maduka yenye leseni. Mgeni asiyejua na aulize kabla ya kupokea glasi.

Mchana rangi hukoshwa, watu huvaa nguo safi na kutembeleana. Kila nyumba ina sinia yake, na kukataa ni kumvunjia mwenyeji heshima. Ukifika nyumba ya nne tumbo limejaa samli na sukari. Wenyeji wanalijua hilo. Pembeni ya gujiya huwa kuna dahi bhalla, bajia za choroko nyeusi zilizoloweshwa katika mtindi, na mtungi wa kanji: maji ya karoti nyeusi na haradali yaliyoachwa juani siku kadhaa mpaka yakachacha. Ni makali, yanapanda mpaka puani. Ukinywa glasi moja, unaweza kwenda nyumba ya tano.