Kifungo cha gerezani kwa watu wenye ulemavu

Kifungo cha gerezani kwa watu wenye ulemavu ni suala la sheria ya jinai linalohusu kama inafaa, na kwa masharti gani, kumpeleka gerezani mtu aliyepatikana na hatia ambaye ana ulemavu wa mwili, wa kuona, wa kusikia, wa akili au wa kisaikolojia. Kwa kawaida sheria hukubali kwamba ulemavu peke yake haumwondolei mtu wajibu wa kosa alilotenda: asiyeona akitapeli ni tapeli, na mahakama humhukumu kama wengine. Ugumu huanza baada ya hukumu. Miezi sita kwa mtu anayetembea na miezi sita kwa mtu anayelazimika kutambaa kwenda chooni ni idadi ileile ya siku, lakini si adhabu ileile.

Hali halisi gerezani

Magereza mengi duniani yalijengwa kwa kumfikiria mfungwa mwenye viungo vyote na afya nzuri. Milango ni myembamba, vyoo ni vya kuchuchumaa, na mabweni yaliyojaa hayana nafasi ya kiti cha magurudumu kupita. Mfungwa asiyeweza kujisogeza humtegemea mwenzake kwa kuoga, kuchota maji na kufika chooni, na msaada huo mara nyingine hudaiwa malipo, iwe ni chakula, sabuni au jambo baya zaidi.

Kwa kiziwi tatizo ni lingine. Maisha ya gerezani huendeshwa kwa sauti: kengele, majina yanayoitwa wakati wa kuhesabiwa, amri za askari. Asiyesikia anaweza kuonekana mkaidi na kuadhibiwa kwa kutotii amri ambayo haikumfikia. Asipokuwapo mtu mwingine anayejua lugha ya alama, anaweza kumaliza kifungo chote bila mazungumzo ya maana na mtu yeyote. Kwa mwenye ualbino, katika nchi kama Tanzania ambako wafungwa hulima mashamba ya magereza, kazi ya kawaida ya kulima juani bila kofia, nguo ndefu na mafuta ya kukinga ngozi inaweza kumletea saratani ya ngozi.

Wafungwa wa namna hii si wachache. Uchunguzi wa Wizara ya Sheria ya Marekani wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba asilimia 38 hivi ya wafungwa wa magereza ya majimbo na ya shirikisho walikuwa na angalau ulemavu mmoja, wakati kati ya watu wazima walio nje walikuwa asilimia 15 hivi.

Kesi ya Price dhidi ya Uingereza

Kesi inayotajwa sana kuhusu suala hili haikuanza na uhalifu mkubwa, bali na deni. Mnamo Januari 1995 mahakama ya Lincoln, Uingereza, ilimfunga siku saba Bi. Adele Price kwa kudharau mahakama, kwa sababu alikataa kujibu maswali kuhusu mali yake katika shauri la madai. Bi. Price alizaliwa bila mikono na miguu iliyokamilika kutokana na dawa ya thalidomaidi, tena alikuwa na ugonjwa wa figo.

Usiku wa kwanza aliuпitisha katika selo ya polisi akiwa ameketi kwenye kiti chake cha magurudumu, kwa kuwa kitanda hakikumfaa na vitufe vya kuitia msaada hakuvifikia. Alipata baridi kali, ikabidi daktari aitwe. Kesho yake alihamishiwa gereza la wanawake, akawekwa katika sehemu ya wagonjwa. Hata huko, pamoja na mlango mpana na kitanda cha kupandisha na kushusha, ilimlazimu kukubali kusaidiwa na wauguzi wa kiume alipokwenda chooni. Aliachiliwa baada ya siku tatu na nusu.

Tarehe 10 Julai 2001 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba alitendewa kwa namna ya kudhalilisha, kinyume cha ibara ya 3 ya Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, ikaagiza alipwe fidia ya pauni 4,500. Majaji hawakuona ushahidi kwamba mtu yeyote alikusudia kumdhalilisha. Askari hawakuwa wakatili. Walikosa vifaa tu. Jambo lililoipa hukumu hiyo uzito ni kwamba lawama zilifika hadi kwa hakimu: kabla ya kutoa amri ya kifungo hakuuliza mshtakiwa angepelekwa wapi, wala kama huko kulikuwa na uwezo wa kumhudumia. Kwa maneno mengine, kufaa kwa kifungo hakuwezi kupimwa kwa uzito wa kosa peke yake. Lazima gereza lenyewe litazamwe.

Sheria za kimataifa

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuanza kutumika 2008, haukatazi kuwafunga watu hao. Ibara ya 14 inataka wasinyimwe uhuru kwa sababu ya ulemavu wao, na wanapofungwa kihalali wapewe marekebisho yanayofaa. Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009.

Kanuni za Mandela za mwaka 2015, ambazo ni viwango vya chini vya Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, zinasema jambo hilohilo katika kanuni ya 5. Kanuni ya 45 inakataza kifungo cha upweke kwa mfungwa mwenye ulemavu ikiwa kitazidisha hali yake.

Nchini Marekani, Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua mwaka 1998, katika kesi ya Yeskey, kwamba sheria ya mwaka 1990 ya kulinda watu wenye ulemavu inayabana magereza ya majimbo pia. Mlalamikaji alinyimwa nafasi katika kambi ya mafunzo kwa sababu ya historia ya shinikizo la damu. Angeimaliza kambi hiyo angetoka baada ya miezi 6. Bila hiyo alikabiliwa na kifungo cha miezi 18 hadi 36. Hapo afya ndiyo iliyorefusha adhabu, si kosa.

Ulemavu wa akili na kizuizi kisicho na mwisho

Kwa wenye ulemavu wa akili au ugonjwa mkali wa akili, sheria nyingi hufuata njia tofauti: mshtakiwa asiyeweza kuelewa kesi hasomewi hukumu ya kawaida, bali huwekwa hospitalini au mahali maalumu, kama Isanga mjini Dodoma. Kanuni ya 109 ya Mandela inaunga mkono watu hao wasikae gerezani. Nia ni njema, lakini matokeo yake yanaweza kuwa mabaya kuliko kifungo, kwa sababu kifungo kina tarehe ya mwisho.

Nchini Australia, Marlon Noble, mzawa wa asili wa nchi hiyo mwenye ulemavu wa akili, alishtakiwa mwaka 2001. Mwaka 2003 mahakama iliona hawezi kusimama kizimbani, naye akaendelea kushikiliwa gerezani hadi Januari 2012 bila kuhukumiwa kwa kosa lolote. Mwaka 2016 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba uliotajwa juu iliamua kwamba haki zake zilivunjwa. Kamati hiyo inapinga utaratibu wenyewe wa kumtangaza mtu kuwa hawezi kushtakiwa na kisha kumzuia. Serikali nyingi hazijakubaliana nayo.

Kenya ilirithi kutoka sheria za Kiingereza utaratibu wa kumshikilia mtu wa namna hiyo hadi Rais atakapoamua vingine. Majaji wa Mahakama Kuu ya Kenya wametamka katika kesi kadhaa kwamba kizuizi hicho kisicho na kikomo kinapingana na Katiba ya 2010.

Adhabu mbadala na msamaha

Kwa makosa madogo ipo huduma kwa jamii, iliyowekwa kisheria Kenya mwaka 1998 na Tanzania mwaka 2002, ambapo mkosaji hufanya kazi bila malipo badala ya kufungwa. Lakini ikiwa kazi zinazofikiriwa ni kufyeka na kufagia tu, asiyeweza kuzifanya hubaki na faini au gereza, na asiye na pesa hubaki na gereza. Mtu wa kiti cha magurudumu anaweza kupanga kumbukumbu za ofisi au kufundisha.

Wapo wanaopinga nafuu yoyote wakisema waathirika wa uhalifu hawapati haki, au kwamba magenge yatawatumia watu wenye ulemavu. Wengine, wakiwemo wanaharakati wa ulemavu, huhofia kwamba kuwasamehe daima ni kuwahesabu kama watoto.

Nchini Uingereza, tangu kesi ya Bernard, mahakama husema maradhi makubwa hayampi mkosaji haki ya kupunguziwa adhabu, ila hakimu anaweza kupunguza kwa huruma. Tanzania huruma hiyo huja baadaye: misamaha ya Rais ya sikukuu za kitaifa imekuwa ikiwataja wafungwa wenye ulemavu wa mwili au akili uliothibitishwa na mganga mkuu wa mkoa au wilaya. Mganga huyohuyo angeweza kuulizwa siku ya hukumu. Waliofungwa kwa makosa makubwa yaliyoorodheshwa katika tangazo la msamaha hawahusiki, hata kama ulemavu wao ni mkubwa kiasi gani.