Muuguzi anapokupapasa tumbo, anatafuta nini?

Ni mara ngapi umeingia kliniki ukaketi, ukaanza kueleza kuwa tumbo linakusokota, na kabla hujamaliza sentensi ya pili ukapewa karatasi ya kwenda maabara? Huenda ulifurahi kwa kuwa ulihudumiwa haraka na ukawahi matatu ya kurudi kazini. Lakini hebu jiulize: ni nani aliyekutazama siku hiyo?

Wakazi wengi wa mijini wanaamini kuwa ugonjwa hugunduliwa na mashine. Wakikutana na muuguzi anayewaomba wavue shati, walale kitandani na wakunje magoti, wao huona wanapotezewa wakati. Wengine humuuliza waziwazi, "Kwani sista, hapa hamna mashine?" Ukweli ni kwamba mashine hujibu lile swali tu ililoulizwa. Kuamua ni swali gani liulizwe ni kazi ya macho, mikono na masikio ya mtu.

Zamani kazi hiyo ilihesabiwa kuwa ya daktari. Muuguzi alipima joto, mapigo ya moyo, pumzi na presha, akaandika kwenye chati iliyoning'inia kitandani, kisha akasubiri. Leo wauguzi wanaosomea shahada, na hasa wale wanaoendelea hadi shahada ya uzamili, hufundishwa kwa kina jinsi ya kuuchunguza mwili mzima kuanzia kichwani hadi kwenye nyayo. Sababu yake haihitaji maelezo mengi. Saa nane za usiku wodini, mtu aliye karibu na mgonjwa ni muuguzi, na mgonjwa anayezidiwa hawezi kungoja mapambazuko.

Uchunguzi wenyewe una hatua nne: kutazama, kupapasa, kugongagonga na kusikiliza. Huko kugongagonga ndiko huwashangaza wagonjwa wengi. Muuguzi huweka kidole cha kati kifuani pako na kukigonga kwa kidole cha mkono wa pili, kama mtu anayebisha mlango. Aliyeandika kuhusu mbinu hii mwaka wa 1761 ni daktari wa Austria aitwaye Leopold Auenbrugger. Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni, na inasimuliwa kwamba mtoto huyo alijifunza kwa kuona mapipa ya mvinyo yakigongwa ili ijulikane yamejaa hadi wapi. Kifua nacho ni hivyo hivyo. Mahali penye hewa hutoa mlio mwepesi; mahali palipojaa maji hutoa mlio mzito, kama ukigonga paja lako. Jaribu sasa hivi hapo ulipoketi na utasikia tofauti.

Chombo cha kusikilizia kifua, stethoskopu, kilikuja baadaye. Mwaka wa 1816 daktari Mfaransa René Laennec aliona haya kuweka sikio lake kwenye kifua cha mwanamke kijana, akakunja karatasi kama bomba na kusikiliza kupitia humo. Alistaajabu kuona kwamba mapigo ya moyo yalisikika vizuri kuliko alivyozoea.

Ukilala kwa ajili ya kuchunguzwa tumbo, utaona mpangilio wa hatua umebadilika. Muuguzi aliyefunzwa vyema hutazama kwanza, kisha husikiliza, na mikono huja mwisho. Akianza kwa kukubonyeza, huenda akayatikisa matumbo na kuzigeuza sauti alizotaka kuzisikia. Atakuuliza panapouma, halafu ataanza mbali na hapo. Usimkemee kwamba hakusikii. Akianza na mahali penye maumivu, utakaza misuli ya tumbo lote na hatapata chochote tena. Katika ugonjwa wa kidole tumbo, kwa mfano, aghalabu maumivu huanza karibu na kitovu, kisha huhamia chini upande wa kulia. Habari ya maumivu kuhama utaitoa wewe mwenyewe kwa mdomo wako, na mkono wa muuguzi utaithibitisha.

Kuna jambo moja ambalo mwandishi huyu analiona kuwa muhimu zaidi kwetu Waafrika. Vitabu vingi vya mafunzo haya viliandikwa kwa kuangalia ngozi nyeupe. Humo utasoma kuwa mgonjwa mwenye upungufu wa damu "hupauka", na asiyepata hewa ya kutosha "hugeuka rangi ya samawati". Mwanafunzi anayesubiri kuyaona hayo kwenye shavu la mgonjwa mweusi atasubiri sana. Ndiyo maana muuguzi hukuvuta kope ya chini na kukagua viganja vyako, kwani upungufu wa damu huonekana hapo. Umanjano wa ugonjwa wa ini hutafutwa katika weupe wa macho na chini ya ulimi. Ukosefu wa hewa hutafutwa kwenye ulimi na ufizi. Na kwa mgonjwa aliyelala kitandani siku nyingi, kidonda kinachoanza mgongoni au kwenye kisigino hakitajitangaza kwa wekundu. Mkono ndio utakaohisi kuwa mahali hapo pana joto au pamekuwa pagumu kuliko pembeni.

Hata ile mashine ndogo inayobanwa kwenye kidole kupima oksijeni ina kasoro hiyo. Mwaka wa 2020 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba kifaa hicho kilikosa kutambua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya ilivyokuwa kwa wagonjwa weupe. Kwa hivyo tarakimu ikisema mambo ni shwari huku mgonjwa anahema na hawezi kumaliza sentensi, muuguzi mwenye ujuzi humwamini mgonjwa.

Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya mtu anayeandika vipimo na yule anayevipima akilini. Chukua mguu uliovimba. Iwapo ni miguu yote miwili, na kidole gumba kikibonyeza kinaacha shimo, mawazo huenda kwenye moyo, figo au ini, naye atatazama mshipa wa shingo yako na kusikiliza mapafu upande wa chini. Iwapo ni mguu mmoja tu, una joto na unauma kwenye shavu la mguu, huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na hilo ni jambo la dharura kwani donge hilo linaweza kusafiri hadi kwenye mapafu. Atakayekupa dawa ya maumivu tu bila kuitazama miguu yote miwili hatajua yuko upande gani.

Tuje kwa watoto. Tuseme mama mmoja mtaani Kayole ana mtoto wa miezi minane anayekohoa. Ananunua dawa ya kikohozi dukani, siku ya pili anabadilisha chupa, siku ya tatu anaambiwa na jirani kuwa ni baridi tu. Hakuna hata mmoja aliyefunua kifua cha mtoto na kuhesabu pumzi, ilhali hesabu hiyo ni kati ya njia bora za kutambua dalili za nimonia pasipo mashine yoyote. Kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, mtoto mwenye umri chini ya miezi 2 anahema haraka akifikisha pumzi 60 kwa dakika. Kuanzia miezi 2 hadi kabla ya kutimiza miezi 12, kiwango ni 50. Kuanzia mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza miaka mitano, ni 40. Huhesabiwa dakika nzima kwa saa yenye mshale wa sekunde. Kuhesabu nusu dakika na kuzidisha mara mbili hupotosha, kwa kuwa watoto hawahemi kwa mpango.

Muuguzi pia hutazama iwapo sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani mtoto anapovuta pumzi. Ukiliona hilo nyumbani, au mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipatwa na degedege au akilegea na kushindwa kuamka, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali.

Kwenye presha nako kuna makosa yanayofanywa kila siku, mengi yao na sisi wagonjwa wenyewe. Umepanda ngazi mbio, umefika, umetupa mkono mezani huku unazungumza kwa simu. Tarakimu itakayotoka hapo ni ya ngazi na ya simu. Unapaswa kuketi kimya kwa dakika 5, mgongo ukiegemea kiti, nyayo zote mbili zikiwa sakafuni, kibofu kikiwa kitupu. Kahawa na sigara ziwe zimepita nusu saa. Mkono uegemezwe usawa wa moyo. Ukanda ufungwe kwenye ngozi wala si juu ya sweta, na uwe wa kipimo chako, kwani ukanda mdogo kwenye mkono mnene huipandisha presha ambayo haijapanda. Wapo watu waliowekwa kwenye dawa za maisha kwa sababu ya ukanda mdogo, na hilo halipaswi kutokea. Kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi hurudiwa siku nyingine kabla ya uamuzi, isipokuwa kiwe cha juu mno au mgonjwa awe na dalili nyingine.

Mama mjamzito ana hesabu yake. Presha ya kiasi hicho hicho baada ya wiki 20 za mimba, ikiandamana na protini kwenye mkojo, au kuumwa na kichwa na kuona maruweruwe, huashiria hatari ya kifafa cha mimba. Atakapolazwa na kudungwa sindano ya magnesiamu ya kuzuia kifafa hicho, utamwona muuguzi akirudi tena na tena na nyundo ndogo ya mpira, akimgonga chini ya goti. Jamaa waliokuja kumtazama huona kama mchezo. Dawa hiyo ikizidi mwilini, goti huacha kuruka kabla pumzi haijaanza kukatika. Kwa hivyo kabla ya kila dozi muuguzi huhakikisha kuwa goti linaruka, kwamba mama anahema angalau mara 16 kwa dakika, na kwamba mkojo haupungui mililita 30 kwa saa. Goti likinyamaza, sindano haidungwi.

Una haki ya kuelezwa kinachofanywa kabla hujaguswa, kufunikwa sehemu zisizochunguzwa, na kuomba awepo mtu wa jinsia yako. Nawe usije na kucha zilizopakwa rangi, kwani huficha kile ambacho muuguzi anataka kukiona na huweza kukitatiza kile kifaa cha kidoleni. Na iwapo mgonjwa ni mtoto, mpakate kwenye mapaja yako, mfungue vifungo polepole na umtulize kabla saa haijatolewa. Pumzi zilizohesabiwa mtoto akilia itabidi zihesabiwe upya.