Simu zilivyofichua safari za malaria Kenya
Mbu haruki mbali, lakini malaria inafika mbali. Vipi? Inapanda matatu pamoja na abiria, ndani ya damu yake.

Watafiti walichambua data za simu karibu milioni 15 nchini Kenya, za Juni 2008 hadi Juni 2009, bila majina ya wenyewe. Ukipiga simu au kutuma SMS, mnara ulio karibu nawe unarekodi. Safari hizo zikalinganishwa na ramani ya malaria.

Matokeo yalichapishwa 2012: vimelea vingi vinavyoingia Nairobi vinatoka eneo la Ziwa Victoria.

Kwa hiyo, chandarua kinachotumika Kisumu leo kinaweza kumkinga mtu aliye Nairobi kesho.