Je, Wajua? Historia ya Israeli na Palestina Ilivyopitia Naivasha, Gilgil na Nakuru

Mkazi wa Kamere, kusini mwa Ziwa Naivasha, husikia habari za Israeli na majirani zake Waarabu redioni, kwenye simu na katika mahubiri ya Jumapili. Husikika kama mambo ya ng'ambo. Lakini sehemu ya historia hiyo ilipitia hapa Bonde la Ufa, na watu wetu wakaguswa. Haya hapa ni mambo tisa ambayo kila mwanafunzi wa Naivasha na Nakuru angestahili kuyajua.

1. Je, wajua kwamba Naivasha iliwahi kuwa Uganda?

Hadi mwaka 1902, Naivasha, Nakuru na nchi yote mpaka Kisumu zilihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Mwaka huo Waingereza walisogeza mpaka, na eneo hilo likaingizwa katika himaya ambayo leo ni Kenya. Ndiyo maana mpango wa kuwapa Wayahudi makao huku kwetu, uliotolewa mwaka 1903, huitwa hadi leo Mpango wa Uganda, ingawa ardhi yenyewe ilikuwa uwanda wa Uasin Gishu, ambako baadaye ulijengwa mji wa Eldoret.

2. Je, wajua kwamba wazo hilo lilimjia waziri aliyekuwa safarini kwa treni?

Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alizuru Afrika Mashariki mwishoni mwa mwaka 1902. Akipanda nyanda za juu kwa reli, aliona hali ya hewa ya baridi na nyasi tele, akaamini amepata mahali pa kuwapa Wayahudi waliokuwa wakiteswa Ulaya Mashariki. Aliporudi London alimweleza Theodor Herzl, mwandishi wa habari wa Vienna aliyeongoza harakati za Kizayuni, yaani za kuwapatia Wayahudi nchi yao wenyewe.

Shida yao haikuwa ya kubuni. Mwezi Aprili 1903, katika mji wa Kishinev uliokuwa chini ya Urusi, makundi ya watu yaliwashambulia Wayahudi na kuwaua karibu hamsini. Mnamo Agosti 14, 1903, serikali ya Uingereza iliandika barua rasmi kusema iko tayari kuzungumzia makao ya Wayahudi Afrika Mashariki. Eneo lililotajwa baadaye lilikuwa la takriban kilomita za mraba 13,000. Wanandi waliokuwa wakilisha mifugo yao huko hawakuulizwa lolote.

3. Je, wajua kwamba waliohusika na ahadi ya Uasin Gishu ndio hao hao waliotoa ahadi ya Palestina?

Waziri mkuu wa Uingereza mwaka 1903 alikuwa Arthur Balfour. Wakili aliyepewa kazi ya kuandika rasimu ya hati ya koloni hilo alikuwa David Lloyd George. Miaka kumi na minne baadaye, Lloyd George alikuwa waziri mkuu na Balfour waziri wa mambo ya nje. Novemba 2, 1917, Balfour alitia sahihi barua fupi ya kuahidi kuwa Uingereza ingeunga mkono makao ya kitaifa ya Wayahudi katika Palestina.

Barua hiyo iliwataja Waarabu kama jamii zisizo za Kiyahudi tu, ingawa wao ndio waliokuwa takriban watu tisa kwa kila kumi nchini humo. Iliahidi kulinda haki zao za kiraia na za kidini, lakini haikusema neno juu ya haki yao ya kujitawala. Kwa mara ya pili, watu waliokaa kwenye ardhi walikuta imekwisha kujadiliwa mbali, wao wakiwa hawamo.

4. Je, wajua kwamba mtu alipigwa risasi Paris kwa sababu ya ardhi yetu?

Mkutano mkuu wa Wazayuni uliofanyika Basel, Uswisi, mwezi Agosti 1903 uligawanyika vibaya. Wajumbe 295 walikubali tume itumwe kukagua ardhi, na 178 walikataa. Wengi wa waliokataa walikuwa Wayahudi wa Urusi, wale wale waliokuwa wakichinjwa, kwa kuwa hawakutaka nchi nyingine isipokuwa ile ya mababu zao. Desemba mwaka huo, kijana mmoja alimfyatulia risasi Max Nordau, mwenzake Herzl, kwenye sherehe jijini Paris, huku akimkemea kwa kumwita mtu wa Afrika Mashariki. Nordau alinusurika.

Huku nako walowezi Wazungu walipinga. Lord Delamere, ambaye baadaye alimiliki shamba la Soysambu kando ya Ziwa Elementaita, alituma simu ya maandishi kwa gazeti la The Times la London kulalamika. Hakuwatetea wenyeji. Aliitaka ardhi hiyo kwa ajili ya walowezi wenzake.

Tume ya watu watatu ilifika Mombasa Januari 1905: Meja Gibbons wa Uingereza, Profesa Kaiser wa Uswisi na mhandisi Myahudi aliyeitwa Wilbusch. Walipanda treni hadi Nakuru, kisha wakaelekea uwandani kwa miguu pamoja na wapagazi. Taarifa zao hazikulingana, na ile ya Wilbusch iliikataa ardhi hiyo kabisa. Herzl alikuwa amefariki Julai 1904, na mkutano wa mwaka 1905 ukalifunga jambo hilo.

5. Je, wajua yaliyowapata wenye ardhi miaka hiyo hiyo?

Mwezi Agosti 1904, hapa hapa Naivasha, Waingereza walitia sahihi mkataba na viongozi wa Wamaasai, Olonana akiwa mmoja wao. Kwa mkataba huo Wamaasai waliondolewa kwenye malisho ya Bonde la Ufa, kandokando ya reli, wakahamishiwa Laikipia na kusini. Waliahidiwa kuwa Laikipia ingekuwa yao daima. Haikupita miaka kumi, wakahamishwa tena.

Oktoba 19, 1905, Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi waliopigana na Waingereza kwa miaka mingi, aliuawa alipokwenda kukutana na Kapteni Richard Meinertzhagen kwa mazungumzo ya amani. Afisa huyo huyo alikuja kuwa ofisa mkuu wa kisiasa wa Uingereza katika Palestina mwaka 1919, na mtetezi mkubwa wa Wazayuni. Mwaka 1908, msafara wa Makaburu kutoka Afrika Kusini uliondoka Nakuru na magari ya ng'ombe hadi Uasin Gishu, wakakaa kwenye ardhi ambayo Wayahudi waliikataa.

6. Je, wajua kwamba Nakuru ilikuwa kimbilio la watoto waliomkimbia Hitler?

Baada ya Hitler kushika madaraka Ujerumani mwaka 1933, Wayahudi walihangaika kutafuta nchi za kuwapokea, na nyingi ziliwafungia milango. Wachache walifika Kenya. Mmoja wao alikuwa Stefanie Zweig, aliyeletwa mwaka 1938 akiwa mtoto mdogo. Baba yake alikuwa wakili Ujerumani. Huku akawa mwangalizi wa mashamba ya wengine, Rongai na Ol Joro Orok. Stefanie alisoma shule ya bweni Nakuru, na alipokua aliandika riwaya iliyotokana na maisha hayo. Filamu ya riwaya hiyo ilipata tuzo ya Oscar mwaka 2003.

Wayahudi wapatao milioni sita waliuawa Ulaya na Wanazi. Msiba huo ndio uliowafanya wengi duniani waone haja ya dola la Kiyahudi. Lakini Waarabu wa Palestina sio waliotenda maovu hayo, na hadi leo huuliza kwa nini wao ndio walipie.

7. Je, wajua kwamba Israeli ilipozaliwa, mamia ya wapiganaji wake walikuwa wamefungwa Gilgil?

Kabla ya hapo Palestina ilikuwa chini ya Uingereza. Vikundi vya Wayahudi vyenye silaha, Irgun na Lehi, vilitumia mabomu na bunduki kuwafukuza Waingereza. Bomu la Irgun katika hoteli ya King David, Yerusalemu, liliwaua watu 91 mwaka 1946: Waingereza, Waarabu na Wayahudi. Kuanzia mwaka 1944 Waingereza waliwahamishia Afrika watuhumiwa wa vikundi hivyo bila kuwafikisha mahakamani. Walipelekwa Eritrea, wengine wakapitishwa Sudan, na mwezi Machi 1947 wakaletwa kambini Gilgil, kati ya Naivasha na Nakuru.

Kambini humo baadhi yao walisoma sheria kwa njia ya posta kutoka London. Meir Shamgar alikuja kuwa rais wa Mahakama ya Juu ya Israeli, na Shmuel Tamir akawa waziri wa sheria. Yaakov Meridor, aliyewahi kuwa kamanda wa Irgun, alijaribu kutoroka mara nyingi, akafaulu mwezi Machi 1948 pamoja na wenzake: wakapita Uganda, wakaingia Kongo ya Wabelgiji, hatimaye wakafika Ulaya.

Mei 14, 1948, David Ben-Gurion alitangaza dola la Israeli. Kesho yake majeshi ya nchi jirani za Kiarabu yakaingia vitani. Waliobaki Gilgil walisikia habari hizo wakiwa bado nyuma ya seng'enge. Walirudishwa Julai mwaka huo. Wakati huo huo Wapalestina wapatao 700,000 walikuwa wakikimbia au kufukuzwa makwao katika vita hivyo. Wao na watoto wao wengi hawajaruhusiwa kurudi mpaka leo. Mambo haya mawili yalitokea kwa wakati mmoja, na anayesimulia moja bila la pili amesimulia nusu.

8. Je, wajua kwamba mkulima wa Nakuru anatajwa katika uokoaji wa Entebbe?

Mwezi Oktoba 1973, Misri na Syria zilipigana na Israeli ili kurudisha ardhi iliyotekwa mwaka 1967. Nchi nyingi za Afrika zilisimama na Misri, na Novemba mwaka huo Kenya ikakata uhusiano wa kibalozi na Israeli. Hata hivyo, makomando wa Israeli walipowaokoa mateka wa ndege iliyotekwa, waliozuiliwa Entebbe nchini Uganda, usiku wa kuamkia Julai 4, 1976, ndege zao zilitua Nairobi kujaza mafuta. Bruce McKenzie, aliyekuwa waziri wa kilimo wa Kenya na mkulima wa Nakuru, anatajwa kuwa mmoja wa waliosaidia ruhusa hiyo ipatikane.

Bei yake ilikuwa kubwa. Askari wa Idi Amin, rais wa Uganda wakati huo, waliwaua Wakenya wengi waliokuwa Uganda. McKenzie mwenyewe aliuawa Mei 1978, ndege aliyopanda kutoka Entebbe ilipolipuka karibu na vilima vya Ngong. Desemba 31, 1980, hoteli ya Norfolk jijini Nairobi, iliyokuwa mali ya familia ya Kiyahudi, ililipuliwa kwa bomu. Uhusiano wa Kenya na Israeli ulirejeshwa mwaka 1988. Misri yenyewe ilikuwa imekwisha kutia sahihi amani na Israeli mwaka 1979. Yordani ikafuata mwaka 1994, na Falme za Kiarabu, Bahrain na Moroko mwaka 2020. Suala la Wapalestina ndilo ambalo mikataba hiyo haikulimaliza.

9. Je, wajua kwamba uhusiano huo unaendelea hatua chache kutoka Kamere?

Mtambo wa Olkaria III, ulioko juu ya Kamere, ulianza kuzalisha umeme mwaka 2000. Unaendeshwa na kampuni ya Ormat, iliyoanzishwa Yavne, Israeli, mwaka 1965. Joto linalotoka ardhini huchemsha majimaji mengine yanayochemka upesi kuliko maji, na mvuke wake ndio unaozungusha mashine. Maji ya kisima hurudishwa chini ili kisima kisikauke. Mipira myembamba inayodondosha maji kwenye shina la kila mmea, iliyoenea katika mashamba ya maua kandokando ya ziwa, nayo ilianza kutengenezwa kibiashara katika kibbutz, yaani kijiji cha ushirika, ya Hatzerim, kwenye jangwa la Negev, miaka ya 1960.

Mwishoni mwa mwaka 2023, serikali ya Kenya ilitangaza kuwapeleka wafanyakazi 1,500 kwenye mashamba ya Israeli. Mashamba hayo yalikuwa yamepoteza vibarua baada ya kundi la Kipalestina la Hamas kuwaua watu wapatao 1,200 Oktoba 7 mwaka huo. Miongoni mwa waliouawa walikuwamo Watanzania wawili waliokwenda kujifunza kilimo. Vita vya Gaza vilivyofuata vimeua makumi ya maelfu ya Wapalestina, wakiwamo watoto wengi mno.

Kwa hiyo hatuna haki ya kulitazama jambo hili kama mashabiki wa mpira wanaochagua timu. Kamere imejaa watu waliotoka Nyanza, Magharibi, Kisii, Ukambani na Kati kutafuta riziki, kwenye nchi ambayo Wamaasai waliondolewa kwa mkataba mwaka 1904. Mwaka 2014, familia za Wamaasai zilihamishwa tena kupisha mitambo ya Olkaria IV. Na Januari 2008, Naivasha iliona majirani wakichomeana nyumba kwa sababu ya kabila. Sisi tunajua kuwa anayekimbia hatari anahitaji mahali pa kuishi, na kuwa aliyekutwa mahali hapo ana haki ya kuulizwa kwanza. Mwaka 1903 na mwaka 1917, wakubwa wa London walishughulikia jambo la kwanza wakalipuuza la pili. Amani ya kweli kati ya Waisraeli na Wapalestina itapatikana siku yote mawili yatakapopewa uzito sawa, na hapa kwetu Naivasha ni hivyo hivyo.