Sabufa ya "wati 12,000": soma lebo ya nyuma kabla hujalipa

Msimu wa viazi na kabichi ukiisha, simu ya studio hupokea swali lilelile kutoka Lukozi, Mlalo, Soni, hata Mtae: nina hela kidogo, ninunue sabufa gani? Msikilizaji wetu mmoja wa upande wa Lukozi alituuliza akiwa ameshanunua. Boksi la sabufa yake limeandikwa wati 12,000. Nyumbani ana paneli moja ya sola, betri moja na taa tatu. Ilipofika wiki ya tatu, betri ilikuwa haivuki saa mbili usiku. Watoto wakarudi kusomea tochi, na simu yake ikawa inapelekwa dukani kuchajiwa kwa malipo. Fundi aliifungua sabufa akakuta haina ubovu wowote. Haikuifaa nyumba ile tu.

Tuanze na hizo wati 12,000. Pasi ya umeme ya kawaida hula kama wati 1,000, kwa hiyo boksi linadai kwamba ndani yake kuna nguvu ya pasi 12 zinazowaka pamoja. Sasa angalia plagi yake. Plagi kubwa ya pini tatu tunayotumia Tanzania ina fyuzi isiyozidi ampea 13. Zidisha 13 kwa volti 230 za TANESCO, unapata wati 2,990. Hata sabufa ingetaka, plagi haiwezi kuipitishia wati 12,000.

Ukilisogelea boksi utaona herufi nne pembeni ya tarakimu hiyo: PMPO. Hicho ni kipimo kisicho na kanuni. Mtengenezaji hukadiria mshindo wa nukta ya sekunde, hujumlisha spika zote, kisha huongeza anavyopenda. Kipimo chenye maana ni kile kinachoandikwa RMS, yaani nguvu ambayo mashine inaweza kuitoa mfululizo bila kukwaruza. Ujanja huu haukuanzia Kariakoo. Marekani ulizidi hadi tume ya serikali inayosimamia biashara, FTC, ikaweka kanuni mwaka 1974 kwamba anayetangaza nguvu ya amplifaya ya nyumbani aipime kwa njia moja inayoeleweka.

Kwa hiyo geuza sabufa. Nyuma, karibu na waya wa umeme, kuna lebo ndogo ambayo muuzaji haioneshi. Itakuwa imeandikwa kitu kama AC 220-240V, 50Hz, 40W, au DC 12V 3A. Hapo ndipo penye ukweli. Ikiandikwa volti 12 na ampea 3, zidisha: wati 36. Mashine haiwezi kutoa sauti yenye nguvu kuliko umeme inaoula, na sehemu ya umeme huo hupotea kama joto. Sabufa ya "wati 12,000" yenye lebo ya wati 36 ni sabufa ya wati kama 25 za sauti. Usivunjike moyo, kwa sababu wati 25 zinatosha kujaza sebule na kuvuka bonde. Ukiongeza nguvu mara mbili, toka wati 20 hadi 40, sikio husikia tofauti ndogo tu. Ili sauti isikike kama imekuwa kubwa maradufu unahitaji nguvu karibu mara kumi. Usilipie sana tofauti ya wati chache.

Kwa nyumba ya sola, hesabu hii ni ya lazima. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 50 ina jumla ya wati-saa 600, lakini ukitaka idumu usiivute zaidi ya nusu. Umebaki na 300. Sabufa ya wati 36 ikipigwa kwa nguvu saa nne inakula 144. Taa tatu za wati 5 kwa saa tano ni 75. Ongeza simu mbili, na bado uko salama siku ya jua. Sasa fikiria Julai, ukungu umeshuka toka msitu wa Magamba na haujaondoka siku tatu. Paneli inaleta sehemu ndogo tu ya inavyoleta juani, na betri inaliwa bila kurudishiwa. Hilo ndilo lililomkuta mwenzetu. Tena yeye alikuwa anapitisha umeme kwenye inveta, ambayo hula chake hata muziki ukiwa umezimwa.

Kama huna TANESCO, basi jambo la kwanza kutafuta nyuma ya sabufa ni tundu la DC 12V, ili uiunge na betri bila inveta. Ziko nyingi madukani siku hizi, na sisi tungechagua ndogo yenye tundu hilo kuliko kubwa isiyo nalo. Ila usiiunge moja kwa moja kwenye paneli. Paneli inayoitwa ya volti 12 hufika volti 18 na zaidi jua likiwaka, na hiyo inatosha kuunguza bodi. Pitia kwenye kontrola ya chaji na betri, weka fyuzi kwenye waya mwekundu, na hakikisha chanya na hasi hazijapishana kabla hujawasha.

Jambo la pili linatuhusu sisi wenyewe, nalo ni redio. Wauzaji hukuonesha Bluetooth, flashi, memori kadi, rimoti na taa za rangi zinazocheza, na FM inatajwa mwisho kama nyongeza. Nyingi kweli zina FM, lakini kipokeo chake ni kidogo na antena ni kipande cha waya kinachoning'inia nyuma. Mawimbi ya FM husafiri karibu kama mwanga: mlima ukisimama kati yako na mnara, uko kivulini. Mtu wa Mtae, ukingoni pale juu ya nyika ya Mkomazi, ana uwazi mkubwa mbele yake. Wa bondeni kuelekea Soni hupata mawimbi yaliyogonga jabali na kurudi, ndiyo maana redio inanong'ona ukikaa kiti hiki na kusikika vizuri ukihamia kile. Wazee waliokuwa na redio za National na Philips hawakusumbuka hivi, maana masafa ya kati na mafupi huvuka milima kwa njia nyingine.

Dukani Lushoto mjini, usipimiwe kwa stesheni yenye nguvu. Omba iwekwe ile inayosumbua kwenu, kisha mwambie muuzaji achomeke flashi na kuongeza sauti. Redio ikianza kutoa mvumo au mlio wa nyuki, bodi zake zinaingiliana, na nyumbani itakuwa vibaya zaidi. Ukishanunua, waya wa antena ufanye wa sentimita 75 hivi, unyooke wima, mbali na waya wa umeme. Urefu huo ni robo ya wimbi la FM na hufanya kazi vizuri kuliko waya mrefu uliokunjwakunjwa. Na kama redio yako ndogo ya zamani inashika vizuri, usiitupe: chukua waya wa AUX, toka tundu la hedifoni la redio hadi sabufa. Redio ishike mawimbi, sabufa itoe sauti. Simu yenye FM inaweza kufanya kazi hiyo pia, kwa sababu waya uliochomekwa huwa ndio antena yake.

Ubora wa kutengenezwa unaupima kwa mikono. Inyanyue. Nyingi zinazotumia umeme wa TANESCO zina transfoma ya shaba na chuma, na uzito wa upande mmoja ni dalili njema. Nyepesi si lazima iwe mbovu, lakini iulize maswali. Gonga ubavu kwa kidole: boksi la mbao iliyogandamizwa hutoa mlio mfupi mzito, la plastiki hulia kama debe na litatetemeka besi ikipigwa. Hata hivyo ubao huo una adui huku kwetu, nao ni unyevu. Angalia upande wa chini kama umefunikwa. Ubao ulioachwa wazi, ukikaa kwenye sakafu ya nyumba ya Usambara masika nzima, hunywa maji na kuvimba kama mkate kwenye chai, kwa hiyo inyanyue juu ya kitu na iache nafasi na ukuta. Zungusha kitufe cha sauti polepole. Kikikwaruza kikiwa kipya, kitakwaruza zaidi baadaye. Mwisho iache ipige dakika 15 na ushike nyuma. Joto ni sawa, ila mkono ushindwe kukaa, hapana.

Kuhusu spika tano na sabufa moja, zile zinazoitwa 5.1: hizo ni za sinema iliyorekodiwa kwa njia sita. Redio, nyimbo za simuni na waya mwekundu na mweupe wa king'amuzi huleta njia mbili tu, kushoto na kulia. Zilizobaki zinarudia kilekile. Kwa pesa ileile, spika mbili nzuri zinashinda tano dhaifu.

Wapo wanaoletewa na ndugu risiva kubwa za Yamaha, Sony au Denon, zilizotumika. Ni mashine za kudumu, na spika unachagua mwenyewe, lakini zisome lebo kabla ya kuchomeka. Iliyotengenezwa kwa soko la Japani ni ya volti 100, ya Marekani volti 120. Ukiichomeka kwenye 230 bila transfoma ya kushusha, itaungua papo hapo. Nyingi pia hula wati 40 na zaidi hata sauti ikiwa chini, kwa hiyo sola ndogo isahau. Spika ziwe na ohm zisizopungua zilizoandikwa nyuma ya risiva.

Bei mjini Lushoto na bei ya Tanga au Dar es Salaam hazilingani, lakini kabla hujasafirisha jumlisha nauli, na jiulize itarudishwa vipi ikigoma. Duka la karibu linalokubali kwa maandishi kubadilisha ndani ya siku saba lina thamani ya shilingi elfu kadhaa zaidi. Dai risiti ya EFD, iandikwe jina la mashine na namba yake, na boksi usilichome moto hadi waranti iishe. Ukipakia kwenye bodaboda, lisilale kifudifudi juu ya keria; barabara za mawe za kwetu zinaweza kuhamisha sumaku ya spika kabla hujasikia wimbo hata mmoja.