Nywele Zikidondoka, Usiisingizie Sabuni



Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya kofia ngumu, viatu, vumbi na magogo ya kushikilia mwamba. Leo tutasema juu ya kilicho chini ya kofia: ngozi ya kichwa na nywele zake. Usicheke. Mtu anayeona nywele zake zikibaki ndani ya beseni hushikwa na hofu, na mwenye hofu hununua dawa yoyote anayouziwa sokoni. Hapo ndipo hasara inapoanza, na mara nyingine ugonjwa.

Watu wa namna mbili hupatwa na hofu hiyo. Wa kwanza ni yule aliyepandikizwa nywele. Hapa Kilembwe kazi hiyo haifanywi, lakini dunia imekuwa ndogo. Wafanyabiashara wa Kongo wanaokwenda Istanbul, nchini Uturuki, kununua nguo huona huko watu wengi wenye vitambaa kichwani, kwa maana mji huo umekuwa soko kubwa la kazi hiyo. Wa pili ni wengi zaidi: ni wewe uliyeugua malaria kali au homa ya matumbo, ukapona, ukarudi kazini, kisha baada ya miezi miwili au mitatu nywele zikaanza kupukutika. Wote wawili husema neno moja: «Ni sabuni hii.» Tutaona kwamba mara nyingi sabuni imesingiziwa.

NYWELE INAVYOISHI

Kichwa cha mtu mzima kina nywele kama 100,000. Kila nywele imetoka katika kifuko kidogo ndani ya ngozi, na mzizi wake umo humo. Hukua miaka miwili hadi sita, kiasi cha sentimita moja kwa mwezi. Kisha mzizi hupumzika miezi kama mitatu, nywele ya zamani hudondoka, na mpya huota mahali pale pale. Katika kila nywele 10, kama 9 zinakua na moja imepumzika. Ndiyo sababu kudondoka kwa nywele 50 hadi 100 kila siku si ugonjwa.

Sasa fikiri mwili umepata pigo: homa kali, upasuaji, kuzaa, njaa, au kupungukiwa damu. Mwili huacha kazi zisizo za lazima, kama vile kampuni inavyofunga mashine ndogo umeme unapopungua. Mizizi mingi huingia mapumziko kwa wakati mmoja. Lakini nywele hazidondoki siku ile. Hudondoka pamoja baada ya miezi miwili au mitatu, wakati mgonjwa amekwisha kusahau homa yake. Kwa hiyo anatazama alichotumia jana, anaona kipande cha sabuni, na anakihukumu. Mkosaji ni homa ya miezi mitatu iliyopita. Mama aliyejifungua naye huona hivyo hivyo mtoto anapofikisha miezi mitatu hivi.

Habari njema ni kwamba mzizi haukufa. Mwili ukipata nguvu na chakula cha kutosha, maharage, samaki, mayai, mboga za majani, nywele hurudi zenyewe katika miezi sita hadi kumi na miwili.

NYWELE ZA KUPANDIKIZWA

Kupandikiza nywele si jambo la jana. Daktari Shoji Okuda wa Japani aliandika mwaka 1939 jinsi alivyohamisha vipande vya ngozi yenye nywele. Mwaka 1952, mjini New York, daktari Norman Orentreich alianza kutibu hivyo upara wa wanaume, na mwaka 1959 akachapisha maelezo yake. Alionyesha kwamba nywele hubeba tabia ya mahali zilikotoka. Nywele za kisogoni, ambazo upara wa kurithi hauziondoi, huendelea kukua hata zikipandwa utosini.

Daktari hutoa vifuko vya mizizi kisogoni kimoja kimoja, au hukata ukanda mwembamba wa ngozi na kuugawanya, kisha huvipanda penye upara. Kwa nywele zetu za kujikunja kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu mzizi nao umejikunja ndani ya ngozi na chombo huweza kuukata. Tena mtu ambaye jeraha lake dogo huvimba na kuwa kovu kubwa gumu yampasa kumwambia daktari kabla ya kulipa hata franka moja. Kwake kazi hii inaweza kuacha makovu badala ya nywele.

Sasa sikiliza vizuri. Kati ya juma la pili na la sita hivi, sehemu kubwa ya nywele zilizopandwa hudondoka. Nywele za jirani zaweza kudondoka pia. Sheria ni ile ile ya homa: mzizi umepata pigo la kuhamishwa, umepumzika. Nywele imetoka, mzizi umebaki. Nywele mpya huanza kuonekana mwezi wa tatu au wa nne, nyembamba kwanza, na matokeo kamili huonekana baada ya mwaka mmoja, kwa wengine mwaka mmoja na nusu. Anayelia katika juma la nne kwamba fedha zake zimepotea amelia mapema.

Kuna tofauti ya kujua. Katika siku kumi za kwanza kifuko bado hakijashika. Kikikwaruzwa kikatoka pamoja na damu, hicho kimepotea kweli. Baada ya hapo, nywele inayotoka kavu, pamoja na gamba la kidonda, bila damu, ni kudondoka kwa kawaida.

SABUNI GANI?

Hakuna shampuu inayozuia kudondoka huko, na hakuna shampuu nzuri inayokuongezea. Kazi ya shampuu ni moja: kuondoa mafuta, jasho, damu iliyoganda na vumbi bila kuumiza ngozi. Uichague kwa kazi hiyo, si kwa picha iliyo kwenye chupa.

Ngozi ya kichwa ina uchachu kidogo. Kwenye kipimo cha uchachu, ambacho maji safi huwa 7, yenyewe ni kama 5 na nusu. Sabuni ya kipande hufika 9 au 10, upande wa ukali wa majivu. Sabuni ya mawese inayopikwa kwetu Fizi na Baraka ni nzuri kwa nguo na kwa mikono yenye mafuta ya mashine. Lakini kichwani penye vidonda vibichi hukausha ngozi na kuwasha, na kinachowasha hukunwa. Ikiwa imepikwa kwa soda kali iliyozidi, au imetumiwa kabla ya kukomaa, huunguza. Unga wa kufulia ni mbaya zaidi.

Basi tafuta shampuu laini, isiyo na harufu kali wala chembe za kusugulia. Ile ya watoto wachanga yafaa kwa wengi. Chupa iwe imefungwa, yenye maandishi ya kusomeka na tarehe ambayo haijapita. Shampuu ya dawa ya mba, dawa za kulainisha nywele na rangi zingoje ruhusa ya daktari.

Jihadhari sana na sabuni za kung'arisha ngozi. Baadhi yake zimetiwa zebaki. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika juu ya watu wazima waliougua mafigo, wengi wao wakiwa wametumia krimu za kung'arisha zenye zebaki. Sisi tunaoishi karibu na machimbo ya dhahabu tunaijua zebaki kwa jina lingine la kazi, ile inayokamata dhahabu kisha ikachomwa motoni. Mvuke wake huingia mwilini kwa pumzi, na sehemu ya zebaki iliyomo mwilini huingia hata katika nywele. Ndiyo sababu wataalamu hukata nywele kidogo ili kuipima. Dalili zake za kuogopa ni mikono kutetemeka, kusahau, na ufizi kuuma. Usiongeze nyingine kwa sabuni.

JINSI YA KUOSHA NA KURUDI KAZINI

Fuata kwanza maagizo ya daktari aliyekupandikiza. Kwa kawaida ni haya:

1. Siku mbili za kwanza usioshe mpaka uruhusiwe. Ulale umeinua kichwa.

2. Tumia maji yaliyochemshwa na kupozwa. Maji ya mtoni au ya shimo la kuoshea mchanga wa dhahabu yasiguse kidonda.

3. Koroga shampuu na maji mpaka itoe povu. Weka povu polepole kwa kiganja, ngoja dakika chache, mwaga maji kwa kikombe. Usisugue, usitumie kucha. Kausha kwa kitambaa safi cha kugusisha tu.

4. Baada ya siku kumi hivi, lainisha magamba kwa povu na uyatoe kwa ncha za vidole kwa mzunguko mdogo. Yasiyotoka leo yatatoka kesho.

5. Usivae kofia ngumu mpaka daktari aruhusu. Na kwa sababu bila kofia ngumu hakuna kuingia shimoni, omba likizo ya kutosha kabla ya kusafiri. Majuma mawili ni kidogo sana kwa mtu wa kazi ya vumbi na jasho. Kuingia shimoni bila kofia ili kulinda nywele ni kubadilisha kichwa kwa nywele.

6. Usaha, homa, uvimbe unaozidi, au maumivu yanayoongezeka baada ya siku ya tatu: nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

KWA WENGINE WOTE

Kofia ngumu haileti upara. Upara wa wanaume kwa sehemu kubwa ni wa kurithi. Lakini mkanda mchafu wa kofia husugua ngozi na kuleta vipele, hasa kisogoni kwa mtu anayenyoa sana kwa wembe. Vipele hivyo vikiachwa huweza kuwa makovu magumu yasiyoota nywele. Osha mkanda kila juma, na usiazime kofia ya mwenzako.

Mabaka ya mviringo kichwani mwa mtoto, yenye magamba na nywele zilizokatika, ni mapunye. Hayaponi kwa sabuni peke yake. Yahitaji dawa ya kumeza kutoka kwa mganga. Mtoto ambaye nywele zake zimekuwa nyembamba na nyekundu huku miguu ikivimba hakosi shampuu, amekosa chakula: mpeleke upesi.

Na kwa kinyozi, sheria ni fupi: wembe mmoja, kichwa kimoja. Wembe wenye damu ya mwingine huweza kuleta ugonjwa wa ini na UKIMWI.

Kwa hiyo, ndugu, nywele zako zikianza kupukutika, kabla ya kuitupa sabuni hesabu miezi mitatu kurudi nyuma. Je, uliugua? Ulijifungua? Ulipasuliwa? Ukipata jibu, kula vizuri na ungoje. Usipopata jibu, au nywele zikitoka kwa mabaka, au ukichoka na kukonda pamoja nazo, fedha uliyotaka kununulia chupa ya muujiza ipeleke hospitalini ukapimwe damu.